Maombolezo Ubaoni

Nilichagua somo la muziki kwa sababu sikutaka kulima. Katika shule yetu ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, ukifika kidato cha tatu ulitakiwa uchague kati ya kilimo, sayansi kimu na muziki. Kilimo kilikuwa na shamba la sukumawiki ambalo wanafunzi waliteremkia na ndoo za maji kila jioni, na mimi nyumbani Migori nilikuwa nimechota maji ya kunitosha maisha yangu yote. Sayansi kimu ilihitaji kitambaa na mayai, na mama alisema mayai yetu tutayala wenyewe. Tukabaki wasichana watano wa muziki. Mkuu wa shule alitutazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekataa chakula.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwalimu wetu alikuwa Mtaita, mwanamke mrefu mwembamba aliyeletwa na serikali mbali sana na kwao, na ambaye hakujifunza Kijaluo zaidi ya salamu. Darasani tulisema Kiingereza, lakini alipokasirika au alipofurahi, Kiswahili kilimtoka bila kukiita. Chumba cha muziki kilikuwa stoo ya zamani ya mbolea, na siku za joto harufu ilirudi kutoka kwenye kuta. Tulikuwa na kinanda kimoja cha umeme. Stima ikipotea, na ilipotea mara nyingi, mwalimu alikisukuma kando na kuimba mwenyewe.

Nusu ya somo ilikuwa historia ya muziki wa Ulaya. Wenzangu waliichukia. Mimi niliipenda kuanzia wiki ya kwanza, na sijui kueleza kwa nini, kwa maana hakuna kitu katika maisha yangu kilichofanana na yale tuliyosoma: watawa walioimba kwa sauti moja katika makanisa ya mawe, wafalme waliofuga wanamuziki kama sisi tunavyofuga kuku, miji ambayo watu walikwenda jioni kukaa gizani na kumtazama mtu aliyevaa kama malkia akiimba hasira yake badala ya kuisema. Opera ndiyo iliyoniteka. Mwalimu alitusimulia hadithi za opera kama umbea wa mtaani, nani kamwacha nani, nani kamtia sumu nani, kisha akaweka kanda kwenye redio na kusema, “Sasa msikilizeni mwenyewe akijitetea.”

Likizo ilipofika aliniruhusu nichukue kanda kadhaa niende nazo nyumbani. Aliniamini kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa redio.

Baba alikuwa na meza yake kwenye baraza la duka moja mjini Migori. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Garissa, aliyeuza mablanketi na sufuria, na ambaye hakumtoza baba chochote isipokuwa kumtengenezea kila kitu kilichoharibika nyumbani kwake. Kwenye meza hiyo kulikuwa na maiti za redio za kila aina, waya, spika zilizochanika, na chuma cha kulehemu kilichofuka moshi mchana kutwa. Kanda zangu baba alizikagua kwanza moja moja, akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, ndipo akaweka ya kwanza. Alisema kanda nzuri haichezwi kwenye redio chafu.

Watu walisimama. Mwanzoni walidhani redio imeharibika. Ilikuwa opera kuhusu mwanamke mgonjwa, na sehemu ile ilikuwa ya mwisho, ambapo anaimba kwa muda mrefu kabla ya kukata roho. Mwanamke mmoja aliyebeba beseni la samaki aliuliza huyo mama analilia nini. Nikaeleza. Akauliza mume yuko wapi. Nikaeleza hilo pia. Vijana waliobadilisha pesa za Tanzania, waliokuja kutoka Isebania mpakani kununua betri, wakataka nianze hadithi mwanzo. Kwa hiyo likizo ile yote nilikaa kwenye kigoda karibu na meza ya baba nikitafsiri lugha ambayo mimi mwenyewe sikuijua, kwa kukumbuka tu alivyosimulia mwalimu, na pale nilipokuwa nimesahau nilitunga. Adhana ikisikika, baba alizima redio, mwenye duka akaenda kusali, na watu wakasubiri. Aliporudi alikuwa wa kwanza kuuliza tulifika wapi.

Aliyefurahia kuliko wote alikuwa kaka yangu. Alinizidi miaka michache. Baba alikuwa amejaribu kumfundisha kazi ya redio, lakini hakuwa na subira ya vitu vidogo, akaenda kuchimba dhahabu Masara. Alirudi nyumbani mwisho wa juma na udongo mwekundu kwenye kucha, akaoga, akaja barazani. Mara ya kwanza aliposikia yule mwanamke akiimba na kuimba, aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kwa Kijaluo, “Sasa huyu anakufa saa ngapi?” Watu walicheka mpaka baba akaweka chuma chini. Baada ya hapo kaka aliijua sehemu ile. Aliiimba kwa sauti nyembamba ya kike akiwa ameshika kifua, akiyumba kuelekea kwenye mablanketi ya mwenye duka, na ingawa alifanya mzaha, nilisikia kwamba alikuwa akiushika wimbo sawasawa, kila kupanda na kila kushuka. Alikuwa na sikio zuri. Hakuna aliyewahi kumwambia, hata mimi sikumwambia.

Tuliporudi shule, mwalimu alianza somo la maombolezo. Alitueleza kwamba katika opera za mwanzo kabisa watunzi walikuwa na njia yao ya kuonyesha huzuni. Besi, yaani sauti ya chini kabisa, ilishuka hatua nne, la, so, fa, mi, kisha ikarudi juu na kushuka tena vilevile, tena na tena, na juu yake mwanamke aliimba kilio chake kwa uhuru. Alikuwa na kifaa cha mbao kilichobana chaki tano. Alikivuta ubaoni na mistari mitano ikatokea mara moja, kisha akaandika zile noti nne kama mtu anayeshuka ngazi. Alitutaka tuzipige polepole kwenye mapaja kwa vidole huku akiimba, mpaka tuweze kuzisikia hata anaponyamaza. Nilifanya mazoezi hayo kila mahali, bwenini, kwenye foleni ya chakula, kanisani. Vidole vyangu vilizoea.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja naibu wa mkuu wa shule aliniita kutoka darasani na kunikalisha ofisini kwake, na kwa kuwa hakuwahi kunikalisha, nilijua. Alisema mgodi umeporomoka Masara usiku wa mvua na kwamba kaka yangu alikuwa chini. Walikuwa wameshamtoa. Alisema nikachukue nguo zangu, kuna mwalimu anayeelekea Migori na gari.

Nyumbani nilikuta watu wamejaa uani na baba amekaa kwenye kiti akiwa ameshika mikono yake miwili kama kitu alichopewa amshikie mtu. Mama alikuwa ndani. Nililia. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri sikulia. Nililia mpaka sauti ikakauka, na nilikuwa nikilia kweli.

Siku ya mazishi, shangazi yangu alifika kutoka Sori. Ni dada yake baba, ‘waya’ kama tunavyomwita kwa Kijaluo, aliyeolewa ziwani na kuuza omena, dagaa wa ziwa letu, maisha yake yote, na alimpenda kaka kuliko watoto wake wa kuzaa. Aliingia langoni akiimba. Hakuwa akipiga kelele kama wengine. Alikuwa akiimba kweli, akimwita kaka kwa majina yote, akimwuliza, akimlaumu, akitembea kutoka upande mmoja wa boma hadi mwingine, na watu wakampisha. Sauti yake ilianza juu, ikashuka kwa hatua, ikafika chini, ikapumzika, kisha ikaruka tena juu kule ilikoanzia.

Nikaisikia. Hazikuwa zile noti hasa za mwalimu, moja ilikuwa katikati ya fa na mi, mahali ambapo kinanda chetu hakina kitufe. Lakini ilikuwa ngazi. Ilishuka na kurudi, ikashuka na kurudi, na maneno yake yakaelea juu bila kujali ngazi ilipofika. Nilifikiri: hii ndiyo. Nilifikiri: ndiyo maana walifanya hivyo kule Ulaya, ni kwa sababu mtu analia hivi. Nikaanza kusubiri zamu ijayo ya kushuka ili nihakikishe. Nikahesabu pumzi zake. Jeneza la kaka yangu lilikuwa wazi hatua chache kutoka nilipokaa, na mimi nilikuwa nimeacha kulitazama.

Nilitambua kwamba vidole vyangu vilikuwa vikipiga kwenye paja. Shangazi alikuwa amefika mbele yangu, naye aliuona mkono. Akaacha kuimba. Akapiga magoti kwenye udongo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili iliyonuka samaki, akaubana kifuani kwake, akasema, “Usitetemeke, nyathina. Usitetemeke, mtoto wangu. Niko hapa.”

Wanawake waliotuona walianza kulia upya kwa ajili yangu. Mmoja alinifunika kanga. Walisema huyu mtoto ameumia, mwone anavyotetemeka. Nikaacha wanifunike.

Nilirudi shule baada ya wiki kadhaa. Sikumwambia mtu nyumbani, lakini ule wimbo haukutoka kichwani, nao ulinilemea, na mtu pekee ambaye angeelewa ninachosema alikuwa mwalimu. Nilimkuta peke yake katika chumba cha muziki akifuta vumbi kwenye kinanda. Alinipa pole, akaniuliza habari za wazazi. Nikamwambia kwamba kwenye mazishi shangazi yangu aliimba, na besi ilikuwa inashuka.

Aliweka kitambaa chini. Kisha akasema, “Imba.”

Nikaimba. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akaniomba nirudie, na niliporudia alikuwa ameshachukua kile kifaa cha chaki tano na kuvuta mistari. Aliandika kwa haraka. Ile noti ya katikati ya fa na mi ilimsumbua, akaiandika kama fa na kuweka mshale mdogo juu yake unaoelekea chini. Aliponyoosha mgongo uso wake uliwaka kabisa, na nakiri kwamba nami nilifurahi. Ulikuwa mzuri pale ubaoni. Ulikaa vizuri kuliko mifano ya kitabuni.

Wenzangu wanne walikuwa wamefika mlangoni na madaftari yao. Mwalimu akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, “Naweza kuwaonyesha? Ukisema hapana, nafuta sasa hivi.”

Alikuwa ameshika daftari la mahudhurio kwa mkono mmoja na kifutio kwa mkono mwingine, na najua angefuta. Nikasema aonyeshe. Kwa hiyo kipindi kile tulisoma maombolezo ya kaka yangu. Mwalimu hakusema ni ya nani, alisema tu kwamba ni wimbo wa kuomboleza kutoka upande wa Migori, akatuonyesha mahali unapopumzika na mahali unaporuka, na msichana mmoja akauliza swali zuri kuhusu pumzi. Jibu nilitoa mimi. Tuliunakili sote. Kisha kengele ikalia, na kiranja wa zamu, kama ilivyokuwa desturi, akaufuta ubao, mstari wa juu kwanza. Nilimtazama akifika mwisho. Nilikuwa nimejisikia fahari kipindi kizima, nayo ilikuwa bado haijaisha, na ilinifanya nitoke nje nikae nyuma ya choo mpaka kipindi cha hesabu kilipoanza.

Likizo iliyofuata nilikwenda na kanda zile zile, lakini baba hakuzicheza. Hakukataza. Alizitazama tu, akazifunga kwenye mfuko wa karatasi na kuniambia nisije nikazisahau nitakaporudi. Mwenye duka aliniuliza mara moja, kwa upole, kama hadithi zimekwisha. Nilimwambia zimekwisha.

Mwaka wa mtihani ulifika. Kwenye karatasi ya historia kulikuwa na swali lililotutaka tueleze jinsi watunzi wa opera za mwanzo walivyotumia besi kuonyesha huzuni. Nililisoma mara mbili. Wengine, waliniambia baadaye, waliandika aya moja. Mimi nilijaza kurasa, kwa kuwa nilijua jambo ambalo kitabu hakikulisema: kwamba huzuni haishuki mara moja, inashuka, inarudi, inadhani imeponyoka, kisha inashuka tena kwa njia ile ile, na mwimbaji aliye juu yake hatakiwi kuifuata. Niliandika kana kwamba nilikuwa nimeketi kwenye ukumbi wa opera wa Italia miaka mia nne iliyopita. Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe uani kwetu, nimefunikwa kanga.

Matokeo yalipotoka, muziki ndilo somo nililofanya vizuri kuliko yote. Nilipata alama ya juu kabisa. Baba alilisoma lile jina la somo mara kadhaa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama alichinja jogoo.

Siku hiyo, wageni walipokwisha kuondoka, nilibaki jikoni na mama tukisugua vyombo. Alitaka kujua mtihani wa muziki unaulizwaje. Alidhani mtu anasimama tu na kuimba. Nilianza kumweleza juujuu, na nikiwa katikati ya maelezo nikajikuta nikimwambia yote, kuhusu shangazi, kuhusu vidole, kuhusu ubao. Nilizungumza nikiwa nimeinamia sufuria. Nilitegemea atanifukuza jikoni, na nafikiri nilitaka hivyo.

Mama alisuuza sahani aliyokuwa nayo. Kisha akauliza, “Kwa hiyo siku ile wewe ulikuwa unasikiliza?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi sikusikia chochote,” alisema. “Watu wananiambia shangazi yako alimwimbia vizuri sana. Wananiambia mpaka leo. Mimi nilikuwa nimeketi pale na sikusikia hata neno.” Aliweka chini kile alichokuwa amekishika. “Niambie alimwambia nini.”

Nilifungua mdomo. Niliitafuta mistari ya wimbo mmoja mmoja na kila mmoja ulikuwa pale, kila noti, kila pumzi, ile ya katikati na mshale wake. Nilitafuta maneno. Nilikumbuka tu kwamba alimwita kwa majina, na majina yenyewe sikuweza kuyataja, maana yalikuwa majina ya utotoni na ya babu zetu na ya sifa, na sikuwa nimeyashika. Alikuwa amemwuliza maswali. Sikujua maswali gani. Mtoto wa mama aliimbiwa, na mimi peke yangu katika nyumba yetu ndimi niliyekuwa na akili timamu ya kusikia, na sikuwa nimesikia alichoambiwa.

Nilimwambia kwamba sikumbuki maneno. Nilimwambia ninaweza kumwimbia sauti. Akasema niimbe. Niliimba bila maneno, kwa la-la-la tu, polepole, na mama alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wenye masizi, akitazama mdomo wangu kama anayengoja ubadilike. Nilipomaliza alisema asante, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, akarudi kwenye vyombo.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Sori. Nilimkuta shangazi ufukweni, akitandaza omena kwenye nyavu kuukuu chini ya jua kali, ndege weupe wakimwibia kila alipogeuka. Alifurahi sana kuniona, akanisifu kwa matokeo, akanipa kijiti nifukuze ndege. Nilimweleza kilichonileta. Sikumwambia habari za mkono. Mpaka leo sijamwambia. Nilimwomba tu anikumbushe maneno, ili nimpelekee mama.

Alifikiri, mwiko wa kutandazia omena ukiwa umesimama mkononi. Nilimwona akitafuta kweli. Midomo yake ilianza jina moja, ikaacha.

“Hayakai,” alisema mwishowe. “Yalikuja siku ile, nikayatoa, yakaenda na yeye. Ungeniuliza jioni ile ile pengine.” Alinitazama kwa masikitiko, kana kwamba kosa ni lake. “Mwambie mama yako anisamehe. Sikujua kwamba hakuna aliyekuwa akiyashika.”

Nikamwambia nitamwambia. Tukageuza omena upande wa pili, yeye mbele na mimi nyuma yake, na nilipoondoka alinifungia nyingine kwenye gazeti nimpelekee mama.